Muuguzi wa Mama na Mwana

Kati ya leba na chumba cha watoto wachanga, katika hospitali nyingi za wilaya nilizozifahamu Tanzania, pana korido. Kwingine ni fupi, kwingine inapanda ngazi, kwingine inatoka nje na kukatiza uwanja wenye jua kali. Mtoto aliyechelewa kulia hupitishwa hapo akiwa amefungwa kitenge cha mama yake, mikononi mwa mwanafunzi wa uuguzi anayetembea upesi bila kukimbia, maana ameshakanywa asikimbie na mtoto. Nyuma yake, kitandani, mama anamuulizia mwanawe huku mkunga akisubiri kondo la nyuma litoke. Mbele yake, mlangoni, muuguzi wa watoto anampokea kichanga bila kujua ametoka katika mimba ya namna gani, uchungu wa saa ngapi, wala mama yake alipewa dawa gani.

Nimekuwa mwalimu wa wauguzi kwa muda wa kutosha kuamini kwamba mtoto huyo yuko hatarini zaidi pale katikati kuliko upande wowote wa korido. Upande mmoja tumemweka mtu anayejua kuzalisha. Upande wa pili tumemweka mtu anayejua kulea mtoto mgonjwa. Kilichopungua ni mtu anayeujua mwanzo wa habari na mwisho wake.

Takwimu zetu wenyewe zinasema hivyo kwa anayezisoma pamoja. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ukatoa 104. Watoto wanaofariki kabla ya kutimiza miaka mitano walipungua kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000. Wanaojifungulia vituoni waliongezeka kutoka asilimia 63 hadi 81. Hii ni kazi kubwa, na waliokesha kuifanya wanastahili heshima yake. Lakini katika majedwali hayohayo upo mstari mmoja ambao ni kama haukusogea: watoto wanaofariki kabla ya kutimiza siku 28. Walikuwa 26 kwa kila 1,000 mwaka 2010, wakawa 25 mwaka 2015/16, na 24 mwaka 2022. Akina mama walisikia wito, wakaja hospitali. Mtoto aliyekuwa akifia nyumbani sasa mara nyingi anafia mikononi mwetu, ndani ya jengo lenye umeme, oksijeni na watu wenye vyeti ukutani.

Ni kweli kwamba kila muuguzi mkunga wa Tanzania amefundishwa yote mawili. Stashahada ya uuguzi na ukunga huchukua miaka mitatu, na ndani yake mna leba, wodi ya watoto, kliniki ya wajawazito na mengine mengi. Kisha Baraza la Uuguzi na Ukunga linakupa usajili na leseni. Kwa karatasi tumeshaunganisha. Kwa vitendo mwanafunzi huzunguka, wiki chache huku, wiki chache kule, akikimbizana na idadi ya kesi anazotakiwa kusainiwa kitabuni. Akimaliza leba anafunga ukurasa. Akifika wodi ya watoto anafungua mwingine, na ni nadra kukuta mtu wa kumwonyesha kwamba mtoto aliyelazwa kitanda cha tatu kwa homa ndiye aliyemshuhudia akizaliwa Jumatatu.

Hata makaratasi yetu yanawatenga. Mama akijifungua anaandikwa katika kitabu namba 12 cha MTUHA, mfumo wetu wa taarifa za afya. Akirudi kuangaliwa baada ya kujifungua, yeye na mtoto wanaandikwa namba 13. Mtoto mzima akianza kliniki anaingia namba 7. Mtoto aliyelazwa katikati ya safari hiyo ana faili lake lingine, na mara nyingi faili hilo lina jina la mama, uzito, na mstari mmoja unaosema amezaliwa kawaida au kwa upasuaji. Mstari mmoja hautoshi. Magonjwa mengi ya juma la kwanza ni habari za mama zilizomfuata mtoto.

Chukua mama aliyepata kifafa cha mimba, akachomwa magnesiamu salfeti. Dawa imemwokoa. Lakini kiasi chake kimepita kwenye kondo, na mtoto anaweza kuzaliwa mlegevu, anapumua kwa uvivu. Muuguzi wa watoto asiyejua habari hiyo atamwona mtoto aliyeumia ubongo. Anayeijua atamsaidia kupumua, atamtazama kwa karibu, na ataelewa kwa nini anaanza kuchangamka kadiri dawa inavyomtoka. Chukua mama ambaye chupa ilipasuka zaidi ya saa 18 kabla ya mtoto kutoka: mtoto huyo anaweza kuonekana mzima saa sita za kwanza, na maambukizi yakawa yameshaanza. Mama mwenye kisukari huzaa mtoto mnene mwenye afya ya kuvutia ambaye sukari yake inaweza kuporomoka akiwa amelala kimya, na ukimya huo wageni wakausifu. Mama wa kundi O au mwenye Rhesus hasi anaweza kuzaa mtoto atakayepata manjano ndani ya siku ya kwanza, na manjano ya siku ya kwanza hayasubiri jua la asubuhi. Mkunga anayajua haya yote kabla mtoto hajatoka. Swali ni nani anayeyabeba baada ya hapo.

Upande wa pili kuna hasara isiyosemwa sana. Nje ya chumba cha watoto wachanga kuna benchi. Akina mama waliojifungua watoto njiti hukaa hapo, wengine wakiwa na mshono mbichi wa upasuaji, wakisubiri kuingia kila baada ya saa tatu kukamua maziwa. Huingia wakiwa wameinama, mkono mmoja tumboni, mwingine umeshika kikombe kidogo. Ndani, kila jicho liko kwa mtoto: mpira wa puani, joto, oksijeni. Mama amekuwa mleta maziwa. Wodi ya wazazi imeshamruhusu, chumba cha watoto hakikumlaza. Na hali ilivyo, kifafa cha mimba kinaweza kumpata mwanamke siku kadhaa baada ya kujifungua, na damu inaweza kumtoka kwa wingi hata wiki ya pili.

Katika hospitali moja nilimwona muuguzi kijana aliyekuwa amefanya kazi leba kabla ya kuhamishiwa kwa watoto. Alikuwa akimsaidia mama kukamua, akaona mama anafumba jicho moja kila mlango unapofunguliwa mwanga ukaingia.

"Mama, kichwa kinakuuma?"

"Tangu jana, sista. Nimeona ni kwa kutolala."

Sista aliweka kikombe chini, akaenda kuazima mashine ya kupimia presha wodi ya jirani, kwa sababu chumba chake hakikuwa na ya mtu mzima. Ilikuwa 170 kwa 110. Mama akarudishwa kitandani na dawa ikaanza muda huohuo. Watoto wote wa chumba kile walikuwa na kipimo cha joto na cha oksijeni. Kwa mama zao hapakuwa na hata mashine moja ya presha, na hakuna aliyeona kuwa ni kasoro mpaka siku ile.

Wazee wetu wa pwani hawakuwagawa hivi. Mkunga wa jadi aliyempokea mtoto ndiye aliyerudi kesho yake kumkanda mama kwa maji ya moto, kumwogesha kichanga, kutazama kitovu, kutazama titi, kuuliza choo, mpaka arobaini ikatimia. Sitaki kumpamba kupita ukweli wake. Mwanamke aliyevuja damu nyingi alimfia mikononi, na vitu vilivyopakwa kwenye vitovu viliwaua watoto wengi kwa pepopunda. Ila jambo moja alilishika barabara: mpaka siku ya 40, mama na mwana walikuwa mgonjwa mmoja. Vitabu vya kisasa vya ukunga vinaweka kipindi hicho siku 42. Tumeyachukua majuma yake sita na kumwacha nje mtu mmoja aliyeyafuata kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Fani hizi mbili hazikulelewa nyumba moja. Ukunga ulikulia majumbani, miguuni pa mwanamke anayezaa. Uuguzi wa watoto ulikulia hospitalini, na kwa muda mrefu ulimtazama mzazi kama mgeni. Huko London, daktari Charles West alifungua hospitali ya watoto ya Great Ormond Street mwaka 1852, na kazi iliyofanyika humo ikawa mfano kwa dunia. Lakini katika hospitali za watoto za Uingereza, hadi katikati ya karne ya 20, mzazi aliruhusiwa kumwona mtoto kwa saa chache tu, kwingine mara moja kwa wiki, kwa imani kwamba akija mtoto atalia na akiondoka atalia zaidi. Mwaka 1952 James Robertson alitengeneza filamu fupi ya mtoto wa kike wa miaka miwili aliyelazwa peke yake, na watu wengi waliotazama uso wa yule mtoto hawakuweza tena kutetea utaratibu ule. Ripoti ya serikali ya mwaka 1959, inayojulikana kwa jina la Platt, ikapendekeza milango ifunguliwe kwa wazazi. Wodi zetu za watoto hazikuhitaji ripoti hiyo. Mama wa Kiafrika alilala na mwanawe wodini tangu mwanzo, juu ya kitanda kimoja au sakafuni kwenye mkeka, kwa sababu asingekuwepo nani angemlisha. Tulichoiga kwa utiifu mkubwa ni chumba cha watoto wachanga chenye mlango uliofungwa.

Mlango huo ulianza kufunguliwa kutokea mahali pasipo na mali. Mwaka 1978, Bogotá nchini Kolombia, daktari Edgar Rey alikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za joto, na watoto waliolazwa pamoja ndani ya mashine moja walikuwa wakiambukizana. Akawafunga vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Baadaye Héctor Martínez akajiunga naye, na utaratibu huo ukaitwa huduma ya kangaroo. Kwa miaka mingi uliruhusiwa kwa mtoto ambaye tayari ametulia. Aliye hatarini aliendelea kubaki kwenye mashine, mama benchini.

Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ya kwetu ikiwa Muhimbili. Watoto wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja walifuata utaratibu wa zamani. La pili waliwekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, hata kabla hawajatulia, na waliohitaji oksijeni walipewa wakiwa hapohapo kifuani. Katika kundi la zamani walifariki asilimia 15.7 ndani ya siku 28. Katika la pili walifariki asilimia 12. Tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya wa kuanza huduma ya kangaroo mapema iwezekanavyo.

Watu wengi waliyasoma matokeo hayo kama habari za ngozi na joto. Mimi niliyasoma kama habari za ajira na mafunzo. Ili jambo hilo lifanyike, ilibidi kitanda cha mama kiingizwe ndani ya chumba cha wagonjwa mahututi wa siku moja. Sasa fikiria muuguzi wa chumba hicho katika saa moja ya usiku. Anapapasa tumbo la mama kuona kama mfuko wa uzazi umejikaza, anatazama pedi, anapima presha. Bila kuhama hatua moja anahesabu pumzi za mtoto aliye kifuani, anaangalia rangi ya midomo, anapima mililita za maziwa zinazopita kwenye mpira, anakokotoa dozi ya jentamaisini kwa uzito wa kilo 1.4. Mkunga asiyejua watoto atashindwa nusu ya kazi hiyo. Muuguzi wa watoto asiyejua ukunga atashindwa nusu ya pili. Utafiti ule, pamoja na kuokoa watoto, ulitangaza kazi mpya ambayo vyuo vyetu bado havijaiandalia mtu wake.

Mtu huyo anafunzwaje? Hapa Tanzania ina somo ambalo nchi nyingi zimekuja kujifunza. Hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ilianza kufundisha wakunga kumsaidia mtoto kupumua kwa kutumia sanamu ya mtoto inayojazwa maji mpaka ipate uzito wa kichanga. Nimewatazama wanafunzi wengi wakiwa na sanamu hiyo. Anayeanza huinamisha kichwa nyuma mno, koo likajikunja. Anaminya mfuko, hewa inatoroka pembeni mwa barakoa kwa mlio mwembamba, kifua hakipandi. Mwalimu hasemi kitu. Mwanafunzi anarudisha kichwa mahali pake, pua ikielekea juu kama anayenusa, anakaza vidole kwenye kidevu, anaminya tena. Kifua kinapanda. Anahesabu kwa sauti, minya-mbili-tatu, minya-mbili-tatu, mpaka afikie pumzi kama 40 kwa dakika. Kisha mwalimu anabonyeza mpira wa pembeni na kitovu cha sanamu kinaanza kupiga kama mshipa. Na yote hayo yawe yameanza ndani ya dakika moja tangu mtoto atoke. Watafiti wa Haydom walionyesha kwamba kila nusu dakika ya kuchelewa iliongeza kwa asilimia 16 hatari ya mtoto kufariki au kulazwa kwa muda mrefu.

Lakini somo lenyewe lilikuja baada ya kushindwa. Mafunzo ya siku moja yaliwafanya wakunga wawe mahiri mbele ya sanamu, na leba hapakubadilika kitu. Watafiti walilichapisha hilo waziwazi mwaka 2013, na ninawaheshimu kwa kuchapisha matokeo ambayo wengine wangeyaficha. Ndipo wakabadili njia. Sanamu ikahamia leba, na mazoezi yakawa ya dakika chache, mara kwa mara, kati ya kazi na kazi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila 1,000. Njia hiyo ilipopelekwa katika hospitali 30 za Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, pamoja na mazoezi ya kuzuia mama asivuje damu na vifaa bora vya kusikiliza moyo wa mtoto tumboni, vifo vya watoto wakati wa uchungu na ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000, kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025. Angalia jinsi mazoezi yale yalivyopangwa: damu ya mama na pumzi ya mtoto viliwekwa katika mafunzo mamoja, kwa watu walewale, mahali walipo.

Leba inamfundisha mwanafunzi kasi. Wodi ya watoto inamfundisha kungoja na kutazama. Pale anajifunza kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, si nusu dakika mara mbili, mtoto akiwa ametulia, shati limefunuliwa. Anajifunza kwamba pumzi 60 au zaidi ni hatari kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 kwa aliye chini ya mwaka mmoja, 40 kwa aliye chini ya miaka mitano. Anajifunza kwamba nukta moja iliyokosewa katika kilo ni dozi mara kumi. Anajifunza kumsikiliza mama anayesema "hayuko sawa" bila kuweza kueleza kwa nini, kwa sababu mara nyingi ndiye wa kwanza kuona.

Kisha jambo kubwa kuliko yote, ambalo halimo katika mtaala wowote niliousoma: anaiona siku ya tano. Mkunga humpokea mtoto na kumruhusu baada ya saa 24. Hajui kilichompata baadaye. Muuguzi wa watoto humpokea siku ya tano akiwa na homa, kitovu chekundu, hanyonyi. Hajui kilichotokea leba. Mwanafunzi aliyepita kwa mtoto huyo, akakaa naye usiku, kisha akarudi leba, hunawa mikono kwa namna nyingine. Nimeliona hilo kwa macho yangu mara nyingi. Hakuna hotuba ya usafi niliyowahi kuitoa iliyofanya kazi kama mtoto mmoja mwenye maambukizi ya damu.

Wapo wanaopinga, na hoja yao si ndogo. Wanasema mshika mbili moja humponyoka. Wanasema dunia inakwenda kwenye ubobezi, kwamba Uingereza mkunga ana shahada yake na muuguzi wa watoto ana yake. Nakubali sehemu. Mtoto wa miaka sita mwenye saratani ya damu, mtoto aliyeungua moto, mtoto mwenye moyo wa kuzaliwa na kasoro, hao wanahitaji muuguzi aliyetoa maisha yake kwa watoto peke yake, na itakuwa dhuluma kuwapa mtu aliyegawanyika. Kenya wanayo stashahada ya juu ya uuguzi wa watoto, na waliosomea wanastahili wodi zao. Ninachokitetea kina mipaka: tangu uchungu uanze mpaka siku ya 42. Ndani ya mipaka hiyo hakuna mbili za kushika. Aliyegawa mama na mwana ni jengo na daftari la zamu.

Hofu yangu iko kwingine. Nchi yenye upungufu wa watumishi ikisikia kwamba kuna muuguzi anayeweza kazi za watu wawili, itampa kazi za watu wawili. Nimewaona wahitimu wetu wakiachiwa leba na chumba cha watoto peke yao usiku kucha, mama mmoja akisukuma huku, mtoto akikata pumzi kule. Dunia nzima ina upungufu wa wakunga 900,000 kwa hesabu ya ripoti ya kimataifa ya ukunga ya mwaka 2021, na pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa kumkimbiza binti mmoja kati ya vyumba viwili. Mafunzo ya pamoja yakitumika kama kisingizio cha kutoajiri, ni bora yasiwepo. Yana maana pale tu mama na mtoto wanapolala chumba kimoja na muuguzi ana idadi ya wagonjwa anaoweza kuwatazama.

Kuna hasara nyingine tunayoitia wenyewe kila mwaka, na ndiyo iliyonifanya niandike. Muuguzi anajifunza kuwatunza njiti. Mikono yake inapata wepesi, anajua mashine ipi inadanganya, akina mama wanamjua kwa jina. Baada ya miezi sita orodha ya mzunguko inatoka, naye anapelekwa wagonjwa wa nje au kliniki ya macho. Nafasi yake anapewa mwingine anayeanza sifuri, na wanaolipia masomo yake mapya ni watoto. Utaratibu huo unaitwa kuwapa watumishi uzoefu mpana. Kwa kichanga wa kilo 1.2 ni kumvunjia nyumba kila nusu mwaka.

Kwa mwanafunzi anayesoma haya: ukipata nafasi ya kuchagua, chagua kazi hii. Ni nzito, ina machozi, na usiku wake ni mrefu. Lakini hutapata sehemu nyingine hospitalini ambapo mkono wako mmoja unahesabiwa kwa roho mbili. Omba kupelekwa wodi ya watoto mara tu utokapo leba, fuatilia watoto uliowapokea, uliza siku ya tano ikoje. Usingoje mtaala ukuagize.

Na kwa waganga wafawidhi na wauguzi viongozi wanaopanga zamu, ombi langu ni fupi. Mkimpata muuguzi anayemjua mama na anayemjua mwana, msimhamishe. Mwacheni hapo miaka, mwekeeni mashine ya presha chumbani, mpeni mwenzake wa usiku.